Koti la Barafuni Ufukweni Kabuta

Jumatatu, 17 Februari

Nimepata kazi. Naandika tena ili niamini: nimepata kazi.

Msafara wa wanasayansi umefika Kabuta na mahema, masanduku, na kamera nyingi kuliko watu. Mkubwa wao ni Daktari Solveig, mama muzungu mrefu na mpole, pua imekwisha kuungua na jua letu. Miaka mingi amepiga filamu za wanyama kule kwenye barafu, mahali pasipo na mti wala duka. Sasa ametumwa kumtafuta fisi maji wa Ziwa Mweru, yule mnyama wa majini mwenye masharubu na mkia mrefu, anayekula samaki na kuchana nyavu za watu. Msaidizi wake ni Boyd, kijana msomi wa Lusaka. Boyd ndiye anayegeuza Kiingereza cha Daktari kuwa Kibemba, lugha ya huku Zambia, ili sisi tuliovuka kutoka Congo tuelewe.

Walitaka mtu anayeyajua matete ya Kabuta. Nikasema ndiye mimi. Ninachokijua zaidi ni soko la Nchelenge, lakini matete ni matete. Daktari akauliza kama nimewahi kumwona fisi maji hapa. Nikasema ndiyo, kwa macho yangu. Niliona mkia. Mwenye mkia hakuwa mbali.

Akauliza pia kama nimewahi kufanya kazi ngumu ya nje, kama yake. Nikajibu kwamba mimi nimefanya biashara ya barafu. Ni kweli. Nilinunua friji la kugandisha barafu ya kuuza. Kwamba friji lenyewe halikugandisha kitu ni habari nyingine, na sasa kuku wanatagia humo. Daktari alinitazama kwa heshima.

Friji hilo ndilo lililomwondoa Delphine. Mke wangu alirudi kwa mama yake, hapa hapa Kabuta, akabeba redio na sufuria kubwa. Alipokuwa anatoka alisema: "Ngoy, siku utamaliza kazi moja, moja tu, mpaka mwisho, bila mayele yako, utanikuta ku mulango." Mayele ndizo akili za pembeni. Mimi naziita mipango. Tangu aondoke napikia sufuria ndogo, na nyumbani hakuna wa kuzungumza naye ila kuku. Nimemkumbuka sana. Basi, kazi ya Daktari inaisha tarehe 28 Februari. Nikifika siku hiyo bila kufukuzwa, nitakuwa nimemaliza kazi moja.

Masharti ya Daktari: tusimlishe mnyama, tusimguse, tusimwite, tusimpangie. Afanye mambo yake, sisi tutazame. Nikakubali. Siku ya kwanza mimi hukubali kila kitu.

Tatizo ni moja. Mpishi wa msafara ni Hénoc, shemeji yangu, mdogo wake Delphine. Kila nitakalofanya litafika kwao kabla maharage hayajaiva.

Jumanne, 18 Februari

Sanduku la mwisho limefunguliwa. Makoti! Kuna mtu huko kwao aliyefunga mizigo bila kuuliza msafara unakwenda wapi. Makoti mazito mekundu, kofia yenye manyoya, mifuko ndani, mifuko nje, na mifuko juu ya mifuko. Boyd alicheka. Daktari alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeliona koti langu.

Daktari alisema anaweza kutoa moja tu, mengine yatarudishwa kwao, na Hénoc naye akalitaka lile lile. Alisema tangu dada yake arudi nyumbani analala chini, maana Delphine amemchukulia kitanda, na koti kama lile lingefaa kuwa godoro. Sababu ndogo. Mimi nilieleza kwamba mtu wa matete akipotea lazima aonekane kwa mbali, na kwamba nguo nyekundu huokoa maisha. Boyd akatafsiri. Daktari akanipa mimi. Hénoc alikoroga bukari, ugali wetu wa mchana, kana kwamba umemtukana.

Nikalivaa na kwenda hadi barabarani. Watu walinipisha. Jasho lilinitoka mpaka viatuni, lakini heshima haiji bure.

Kisha akaja mama mkwe. Jina lake silitaji, hata humu. Kwetu mwanamume akimwona mama mkwe wake hutoka njiani, huinamisha kichwa, hamsogelei, hali mbele yake, wala hasemi naye ila kupitia mtu mwingine. Nikatoka njiani. Bahati Hénoc alikuwa nyuma yangu na ndoo. Mama akasimama na beseni lake la mihogo, akamwambia Hénoc, nami nasikia kila neno: "Uliza ule mukwe wetu kama iko na malaria." Hénoc akaniuliza. Nikamwambia Hénoc amwambie mama kuwa ni mavazi ya kazi. Akamwambia. Mama akamwambia kwamba malaria inaanzaka vile. Hénoc akaniambia. Nikashukuru, kupitia Hénoc.

Jumatano, 19 Februari

Kamera hizi ni vijisanduku vyenye rangi ya matope. Zinafungwa kwenye vigingi katikati ya matete na kulala. Kitu kikipita zinaamka, zinapiga picha, zinalala tena. Hazihitaji mtu. Hilo halikunipendeza.

Daktari anakaa kutwa kwenye kiti chake kidogo cha turubai, anatazama maji. Hachoki. Boyd anasema kule barafuni alikaa hivyo kando ya tundu, akimngoja mnyama wa bahari ya baridi atoe pua, mpaka chai yake ikaganda kikombeni. Nikasema mimi pia ni mvumilivu. Nikaenda kulala kidogo.

Jioni Boyd alifungua kamera kwenye kompyuta. Mbuzi. Upepo. Mbuzi. Ngoy. Upepo. Ngoy akijikuna. Nilikuwa nimetoka vizuri sana, hasa ile ya upande wa kushoto. Boyd akafuta zote! Mbuzi na mimi, kwa kidole kimoja. Nikamuuliza kama katika filamu nzima hakuna mahali pa mtu aliyewaongoza. Akasema labda jina, mwishoni, kwa maandishi madogo.

Maandishi madogo. Nilikwenda moja kwa moja kwa Fidélie, fundi cherehani, nikampa mayai yote yaliyokuwa ndani ya friji, naye akanishonea mgongoni mwa koti, kwa uzi wa njano, CHEF NGOY, yaani Mkubwa Ngoy. Herufi zinatoka bega hadi bega. Atakayenifuta afute na hilo.

Hénoc alipoliona aliuliza, "Chef wa nini? Wa mbuzi?" Kwa kweli huyu mtu ana wivu.

Alhamisi, 20 Februari

Habari mbaya. Nilikuwa napita nyuma ya hema (nikiwa nimesimama) nikamsikia Boyd akimweleza Hénoc. Fisi maji asipoonekana hapa, Daktari atafunga mahema na kuvuka kwenda Kisiwa cha Kilwa. Huko wako watu wanaokijua kisiwa chao. Huko hawahitaji mtu wa matete ya Kabuta. Kazi yangu itakatikia njiani, na Delphine hatasema kwamba ni kosa la fisi maji.

Nimefikiri. Mnyama haji kwa sababu hana sababu. Mtu yeyote huenda panapo chakula. Ni kweli Daktari alisema tusimlishe. Lakini kuweka samaki juu ya jiwe si kumlisha mtu. Ni kuweka samaki juu ya jiwe.

Ugumu ni kwamba ziwa limefungwa. Mpaka mwezi wa tatu uanze hakuna ruhusa ya kuvua, samaki wapate kuzaa, na Chalwe, mlinzi wa ziwa, anazunguka na baiskeli yake akinusa masufuria ya watu. Samaki mbichi ni hatari. Nimechukua mmoja mkavu, wa moshi, mzuri, nikamlaza kwenye jiwe mbele ya kamera ya kwanza. Nilimgeuza kichwa kielekee majini ili asionekane mgeni.

Ijumaa, 21 Februari

Kamera iliamka asubuhi mapema. Boyd aliita kila mtu. Tukajaa nyuma ya kompyuta.

Alikuwa Pasta Méschac, mchungaji wetu. Kumbe huja pale kusali. Anaonekana akifumba macho. Anafumbua. Anamwona samaki. Anatazama juu. Anatazama kulia na kushoto. Anatazama juu tena, anainua mikono yote miwili, anamtia samaki chini ya shati na kuondoka kwa mwendo mzuri.

Daktari aliuliza samaki aliyekaushwa kwa moshi alifikaje juu ya jiwe. Boyd alisema hajui. Hénoc alinitazama kwa muda mrefu. Nikasema kwamba ziwa hili lina mambo mengi.

Jumapili, 23 Februari

Nimekwenda kanisani na koti. Delphine alikuwa kwenye kwaya. Hakunitazama mimi, lakini koti alilitazama mara nyingi, hasa nilipogeuka. Amependeza. Amesuka nywele. Sijui amemsukia nani.

Pasta Méschac alitoa ushuhuda. Alisema alikuwa na njaa, na mtumishi mwenye njaa husali vizuri zaidi, na jiwe likampa samaki, tena wa kupikwa nusu. Watu wakaimba. Mimi niliimba kwa sauti kuliko wote, maana sikujua nifanye nini kingine.

Baada ya ibada Delphine alimtuma Hénoc aniulize kama kazi ingalipo. Nikasema ipo. Akamtuma tena: na mayele? Nikasema mayele hakuna. Nilisema kweli kwa wakati ule, kwa sababu mpango wa kwanza ulikuwa umekwisha na wa pili sikuwa nao bado.

Mchana kanisa zima lilishuka kwenye jiwe. Wazee, akina mama, watu wa kwaya, wote wamepiga magoti kwenye matete wakingoja. Kamera hazikulala. Boyd ameshinda hemani akifuta waumini.

Jumatatu, 24 Februari

Daktari amezihamisha kamera mbali na wenye kusali. Alikwenda na Boyd peke yao, mimi nilitumwa maji. Nikauliza zimewekwa wapi. Boyd akasema ni heri nisijue. Huyu kijana ameanza kuwa kama Hénoc.

Baadaye Daktari aliniita kwenye kiti chake. Aliniuliza kwa upole, kupitia Boyd, kama kweli nilimwona fisi maji hapa. Nikasema kweli kabisa. Akatikisa kichwa polepole. Akasema atangoja hadi Alhamisi, kisha atavuka Kilwa, na kwamba nisijilaumu. Afadhali angenifokea. Mtu akikusemesha kwa upole na wewe umemdanganya, hujui uweke wapi mikono.

Nimeiweka mfukoni. Na hapo mfukoni ndipo nilipopata wazo. Samaki mkavu ni chakula cha watu. Nani amewahi kumwona fisi maji akiwasha moto? Lilikuwa kosa la kitaalamu tu. Anataka samaki mbichi.

Jumanne, 25 Februari

Siku ndefu. Naandika nimefunikwa blanketi.

Asubuhi nilikwenda kwa Marthe, mama wa biashara anayevuka na vitenge kutoka upande wa Congo. Chini ya vitenge vyake huwa kuna vitu ambavyo havihitaji kuulizwa. Nilitoka kwake na samaki wawili wabichi, wanono, nimewafunga kwenye jani la mgomba. Njia ya kando ya matete, hakuna mtu. Nikawa napiga mluzi.

Kengele ya baiskeli. Chalwe, mbele yangu, anakuja na kofia yake ya kazi! Nikawatia samaki mfuko wa ndani wa koti na kugeuka nirudi. Nyuma yangu, mama mkwe na beseni lake.

Sikufikiri. Miguu ilijua yenyewe. Nikatoka njiani kama inavyotakiwa, nikaingia kwenye matete, nikaendelea kuingia mpaka nikapotea machoni pao. Nilidhani watapita. Hawakupita. Walisimama pale pale, Chalwe akaegemea baiskeli, mama akatua beseni, wakaanza kuzungumza. Kwanza mvua. Kisha mihogo. Kisha mimi.

Mama mkwe alimwambia Chalwe, kwa Kibemba chake cha sokoni, kwamba mkwe wake ni mgonjwa, anavaa koti la baridi juani. Lakini safari hii, alisema, namwona anafanya kazi. Anaamka, anakwenda. Labda amekuwa mtu.

Nililisikia hilo nikiwa nimechutama kwenye tope. Tangu nimuoe binti yake sijawahi kusikia neno zuri juu yangu kutoka kwa mama yule. Ningetaka kutoka nimshukuru. Lakini ningetokaje? Mkwe anachomoza kwenye matete mbele ya mama mkwe, anatiririka jasho, ananuka samaki wa magendo, na mlinzi wa ziwa kasimama hapo hapo. Hakuna hata Hénoc wa kusemea. Afadhali mamba.

Nao hawakuondoka. Samaki walianza kupata joto, na mimi pia. Nyuma yangu kijito kinaingia ziwani, na hapo pana jiwe bapa. Nikavua koti polepole, nikalitandaza juu ya jiwe, nikaingia majini mpaka shingo na kuondoka kimya kimya hadi kambini.

Nilifika na ruba miguuni na mgongoni. Hénoc aliwatoa kwa chumvi, bila huruma. Akauliza koti liko wapi. Nikasema linapumzika. Mchana mvua ikapiga, na mimi nikaanza kutetemeka. Malaria inaanzaka vile.

Jumatano, 26 Februari

Asubuhi nilitaka kulifuata koti. Daktari amekataza mtu yeyote kukaribia kijito mpaka kesho. Nikamuuliza Boyd kijito kina nini. Akasema si siri tena, kamera zote ziko pale, zinatazama jiwe bapa.

Nikakaa chini.

Nilijaribu njia ya juu. Daktari alikuwa ameweka kiti chake kwenye njia ya juu. Aliponiona akadhani nimekuja kutazama maji naye, akafurahi, akamwambia Boyd aniletee sanduku nikalie. Basi tukatazama maji. Kutwa. Ziwa lilikuwa tulivu, kama limelala. Ndege walipita. Ng'ambo ya Congo palionekana kwa mbali halafu pakapotea.

Daktari alisema, kupitia Boyd, kwamba yeye hasumbuki sana kama mnyama haji. Anachotaka ni kwamba akija, asije kwa sababu yake. Nilitazama viatu vyangu.

Kubadili mazungumzo nikamuuliza kama huko kwenye barafu kuna mama wakwe. Boyd akatafsiri. Akasema kwenye barafu hapana, ila nyumbani kwao anaye mmoja, na wanakaa meza moja wakinywa kahawa, na humwita kwa jina lake. Jina lake, hivi hivi, mbele yake! Boyd mwenyewe alisita kulitafsiri. Wazungu wamevumilia mengi zaidi ya baridi.

Alhamisi, 27 Februari

Boyd alileta kamera asubuhi. Niliomba Mungu ziwe zimelowa. Hazikuwa zimelowa.

Mwanzoni, jiwe bapa. Mkono wa mtu asiyeonekana uso unatandaza juu yake koti jekundu, mgongo juu. Mvua. Kisha jana, jua linachomoza, maji yanatikisika, na kichwa kinatokea. Masharubu. Shingo ndefu yenye madoa. Anapanda juu ya jiwe, ananusa. Nyuma yake watoto wawili.

Mama fisi maji akatia mkono ndani ya koti. Akatafuta. Akatoa samaki, akawapa watoto. Akatoa wa pili, akamla mwenyewe, kuanzia kichwani, masharubu yakicheza. Kisha akajilaza chali juu ya koti, akajipangusa kushoto, akajipangusa kulia. Mtoto mmoja akaingia kwenye mkono wa koti, akatokea upande wa pili. Na chini yao, kwa uzi wa njano, unasoma hata ukiwa mbali: CHEF NGOY.

Daktari alicheka mpaka machozi. Kisha akaacha kucheka. Alisema picha hizi haziwezi kuingia kwenye filamu, hata moja, kwa kuwa mnyama aliitwa kwa chakula. Akauliza ni nani aliyefanya hivi.

Nikasema koti liliibwa. Boyd akatazama herufi. Hénoc akatazama herufi. Nikasema basi, ni mimi. Nikaeleza kuhusu samaki. Boyd alikuwa anatafsiri huku amefumba macho. Mimi nilikuwa naona sufuria kubwa ikibaki kwa mama mkwe milele.

Aliyesema ni Hénoc. Shemeji yangu, ambaye nilimdhania mabaya wiki nzima! Alimwambia Daktari: "Kama unamufukuza leo, dada yangu hatarudia kwake. Na akikosa kurudia, miye nitalala chini mpaka kufa." Aliyasema kwa uchungu wa kweli. Akaonyesha mgongo wake unapouma. Boyd alitafsiri yote, pamoja na mgongo.

Daktari alifikiri. Akasema amekosa picha, lakini amejua kwamba fisi maji wapo hapa na wana watoto, kwa hiyo haendi Kilwa, atabaki. Na mimi nitabaki mpaka kesho jioni. Kazi yangu ni kukaa kwenye kiti chake na nisiguse kitu.

Ijumaa, 28 Februari

Nimekaa. Sikugusa kitu. Hakuna anayejua ugumu wa kazi hii. Nzi alitua kwenye kamera, nikamwacha.

Adhuhuri Daktari na Boyd walirudi wakitembea kama watu wanaotoka kanisani. Walijificha mbali, upande wa kijito, na wamepata picha yao. Mama na watoto wanavua wenyewe, bila mtu, bila koti. Nilisema hongera. Nilisema kwa moyo, ingawa nilimwuliza Boyd kama watoto hawakuonekana wakitafuta kitu.

Kabla ya jua kuzama Daktari alitaka kuwaaga watu wa Kabuta. Walifunga madirisha ya kanisa kwa vitenge, wakatundika shuka, na kuwaonyesha picha zote walizozipata, hata zile zisizofaa kwa sayansi. Sikuambiwa. Mbuzi wa watu, wale waliopita baada ya Boyd kuchoka kufuta, walitambuliwa kwa majina. Pasta Méschac alipotokea na samaki wake, watu walipiga vigelegele, na yeye akaanza kuutafuta mlango. Halafu koti likaja. Kanisa zima likasoma kwa pamoja, kama somo: CHEF NGOY.

Walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Chalwe alisimama na kofia yake, akauliza kwa heshima ya Kibemba, mukwai, samaki wabichi wale wametoka wapi wakati ziwa limefungwa. Nikasema amuulize fisi maji, mimi sikumwona akivua. Chalwe alitazama nje kupitia mlangoni, akaona wavuvi wameshaanza kubeba nyavu kwenda ufukweni, maana kesho ziwa linafunguliwa. Akakaa.

Ndipo mama mkwe akamwambia Hénoc aniulize koti lilifikaje pale. Nilimwambia Hénoc, nikiwa nimeinamisha kichwa, kwamba siku ile njiani nilikuwa kwenye matete na samaki mfukoni, na mama alikuwa amesimama, nami sikuweza kutokea mbele yake katika hali ile. Kwa hiyo nilivua koti nikapita majini. Hénoc akayasema. Akaongeza habari za ruba, sikumwomba.

Mama mkwe alifunika mdomo kwa kitenge. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Kisha akamwambia Hénoc: "Umwambie, mayele iko nayo mingi, lakini bukwe anaheshimiaka." Bukwe ndio ukwe. Nimeyaandika neno kwa neno.

Nilipogeuka Delphine alikuwa ananitazama. Mimi, si koti. Alimuuliza Hénoc kama kazi imekwisha. Hénoc akasema imekwisha leo. Akamuuliza kama niliimaliza. Hénoc, Mungu ampe godoro, akasema niliimaliza.

Jumamosi, 1 Machi

Ziwa limefunguliwa. Mitumbwi yote imetoka alfajiri.

Nilipotoka kuangalia ufukweni na kurudi, Delphine alikuwa mlangoni na sufuria kubwa kichwani na redio mkononi. Nilisimama. Nikamwambia ametimiza ahadi yake. Akasema amesimama hapo kwa sababu nimebadilisha kufuli. Nilikuwa nimesahau kumwambia. Na ufunguo sikujua nimeuangusha wapi.

Tumeingia kwa dirisha. Amewatoa kuku kwenye friji. Amepika. Nimekula kwa sufuria kubwa na nina furaha, sioni haya kuiandika.

Jumatatu, 3 Machi

Msafara umeondoka. Daktari alinishika mkono na kuniachia koti, akasema hakuna wa kuligombania tena. Hata Hénoc alikataa, na sasa ana kitanda. Delphine amelifua mara mbili na bado linanuka.

Jana usiku nilimwahidi, mkono juu ya Biblia, kwamba mayele basi. Niliahidi kwa moyo wote na nitatimiza.

Ila leo asubuhi nilikuwa nalitazama koti likikauka kwenye kamba. Huyu mama fisi maji amekwisha kulizoea. Anaijua harufu yake. Anaujua hata mfuko. Nchelenge kila siku zinafika minibasi kutoka Mansa, zimejaa watu ambao hawajawahi kumwona fisi maji amelala juu ya koti. Huo si mpango. Ni kuwasaidia watu. Na safari hii ziwa liko wazi, samaki ni halali, na hakuna daktari wa kukataza. Kitu gani kiharibike?

Delphine alipokwenda sokoni nilichukua koti, nikatia samaki mmoja mfuko wa ndani, nikashika njia ya kijitoni kwenda kujaribu tu. Nikawa napiga mluzi. Kwenye kona nikamwona mama mkwe anakuja na beseni lake.

Nikaingia kwenye matete.